Mzabibu Chini ya Magugu

Masomo ya kusoma nyumbani pamoja na neno hili: Ayubu 14:7–9, Mithali 24:30–34, Luka 13:6–9.



Mwezi huu twataka kuwaeleza habari ya bustani moja ndogo, bustani ya nyumba tuliyopewa kukaa, na mambo tuliyofundishwa humo kwa jembe na kwa aibu. Tumekwisha kuisimulia habari hii mbele ya ndugu wachache, nao wakatuomba tuiandike, kwa kuwa waliona ndani yake neno la kuzisaidia sharika zetu.

Nyumba yenyewe i katika nchi ya Ugogo, upande wa Dodoma. Walio wenyeji wa huko wanajua ilivyo. Lakini ninyi mkaao Kilimanjaro, au Usambara, au Bukoba, ambako mgomba haukai siku nyingi na kiu, fikirini kwanza. Huko mvua ina msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na katika miaka mingi jumla yake haifiki milimita 600. Tangu Mei upepo huvuma, ardhi hupasuka, na mbuyu huangusha majani yake yote ukasimama mtupu kama mti uliokufa zamani. Mgeni aionaye nchi hiyo mwezi wa Septemba husema, Hapa hapana kitu.

Nasi tulifika mwezi wa Septemba.

Kabla yetu alikaa humo mwinjilisti mmoja mzee pamoja na mkewe, muda wa miaka mingi. Alipostaafu wakarudi kwao, nyumba ikafungwa, ikakaa miaka minne bila mtu. Tulipoifungua tulikuta popo darini na mchwa mlangoni. Lakini nyuma ya nyumba hali ilikuwa mbaya zaidi. Minyaa iliyopandwa iwe ua ilikuwa imekuwa msitu. Ndani yake zilisimama nyasi kavu za kufika kifuani, na mitunguja yenye miiba, na vichaka vya migunga vilivyojiotea. Mbigili nazo zilikuwa zimetambaa mpaka kizingitini. Tukamkumbuka yule mtu wa Mithali aliyepita karibu na shamba la mvivu, akaona jinsi miiba ilivyolifunika, na ukuta wake wa mawe ulivyoanguka. Tukasema mioyoni mwetu, Ndilo hili. Twakiri ya kuwa tulimhukumu mzee yule, hali hatukumjua, wala hatukufikiri ya kuwa miaka minne ile haikuwa yake.

Basi shauri letu likawa fupi: tufyeke, tuchome, tulime upya. Tukawaita vijana wawili wenye mapanga. Siku ya kwanza tulifika karibu na dirisha la jikoni, tukakuta kisiki cheusi, kimekauka kwa kutazama, nacho kilitukwaza miguu. Tukakichimba, tukaking'oa, tukakitupa motoni pamoja na magugu. Kisiki hakikushika moto upesi. Kilitoa povu kwenye ncha zake, kikawa chalia motoni kama kuni mbichi. Sote tuliisikia sauti ile, wala hapana hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Jioni akabisha hodi bibi mmoja, jirani yetu, mjane wa umri mkubwa. Tukamwamkia, tukampa kiti, lakini hakukaa. Alikuwa akiutazama moto.

Akasema, "Wanangu, mwachoma nini?"

Tukajibu, "Takataka tu, Bibi. Twasafisha bustani."

Akachukua fimbo, akakigeuza kile kisiki, akakitazama sana. "Huu ni mkomamanga," akasema. "Mwalimu aliupanda siku alipobatizwa mzaliwa wake wa kwanza. Je! mliitazama mizizi yake?"

Hatukuitazama. Asubuhi tulikwenda shimoni, tukaona vipande vya mizizi vilivyobaki, navyo kwa ndani vilikuwa vyeupe, vyenye unyevu. Mti ulikuwa hai. Ulikuwa umesimama miaka minne pasipo mtu wa kuutia hata kata moja ya maji, ukivumilia jua na mchwa, ukingoja. Akaja mwenye kuutunza. Na huyo mwenye kuutunza ndiye aliyeuua.

Yule bibi hakutugombeza. Alisema neno moja tu, nalo hatujalisahau: "Wanangu, msichome tena kitu msichokijua jina."

Tangu siku ile mapanga yaliwekwa, na bibi akawa mwalimu wetu. Alituonyesha jinsi ya kuujua mti ulio hai. Mtu hutwaa kisu kidogo, akakwangua gome mahali padogo kama ukucha. Kama chini yake pana kijani na unyevu, mti u hai. Kama ni pakavu na rangi ya udongo, asikate maneno bado. Ashuke chini, akwangue tena, na tena, mpaka afike shinani. Maana katika nchi kavu mti huanza kufa kwenye ncha, na uzima hurudi nyuma mpaka mzizini, ukajificha huko.

Hivyo tukaanza kuitafuta bustani ndani ya bustani, kwa magoti, mkono kwa mkono. Tukaona kwanza mstari wa mawe, kisha mwingine, tukafahamu ya kuwa ndiyo mipaka ya matuta ya zamani. Chini ya nyasi tulikuta mishubiri, mama mmoja na watoto wengi wamesongamana, majani yake membamba kwa njaa lakini bado yana maji ndani. Tukakuta mlonge uliokatwa na mtu ukawa gongo. Nao ni mti uwekao akiba katika mzizi wake mnene, hata ukikatwa huchipuka tena. Tukakuta mchungwa uliosimama bila jani. Na katikati ya kichaka cha migunga, mahali tulipokusudia kutia moto siku ya pili, tukakuta kitu kama kamba nene iliyooza, imejizungusha juu ya mti mkavu wa chanja. Bibi akakwangua kwa kisu, akatuita. Chini ya gome lile jeusi palikuwa na kijani. Ulikuwa mzabibu.

Hapo tukajifunza neno jingine. Tuliilaani ile miiba kwa kuwa ilitupasua mikono. Lakini kila mahali palipokuwa wazi, mbuzi wa kijiji walikuwa wamekula hata magome. Mzabibu ulibaki kwa sababu ya miiba. Nyasi zile kavu nazo zilikuwa zimeutilia kivuli udongo wa shinani, na tulipozifunua tulikuta udongo mweusi, wenye ubaridi. Hatusemi ya kuwa magugu ni mema. Yaliusonga mzabibu karibu kuuua. Lakini twasema ya kuwa Mungu aweza kukitunza kilicho chake hata ndani ya kitu kibaya, hata siku zile ambazo watumishi wake hawapo.

Karibu na shina la mzabibu jembe liligonga kitu, kikalia kama chungu. Kilikuwa chungu kweli, mtungi wa udongo uliofukiwa mpaka shingoni, umejaa mchanga. Bibi akatueleza kazi yake. Mtungi wa udongo usiotiwa rangi hupitisha maji kidogo kidogo. Ukiufukia karibu na mti, ukaujaza maji na kuufunika kwa jiwe, jua haliyanywi maji hayo. Yanatoka polepole chini kwa chini, na mizizi huyafuata. Mzee yule tuliyemhukumu kuwa mvivu alikuwa amefukia mitungi sita. Kila siku, akasema bibi, mke wake alibakiza maji aliyooshea mboga na nafaka, akaenda akaijaza.

Basi tukaizibua mitungi, tukaijaza. Vijana walitaka kuleta ndoo kumi na kumimina juu ya mzabibu kwa mara moja, kwa furaha. Bibi akawazuia. Maji mengi ya ghafula hupita juu ya udongo mgumu yakaenda zake. Wala hakuturuhusu kuiondoa miiba yote siku moja. Mti uliokaa gizani miaka minne, akasema, ukifunuliwa wote kwa jua la Oktoba utaungua. Tukaondoa upande wa mashariki kwanza, ili upate jua la asubuhi. Upande wa magharibi tukauacha mpaka mvua. Nyasi tulizokata hatukuzichoma, tukazilaza shinani ziuhifadhi udongo.

Mvua ilikuja mwezi wa Desemba. Kwa muda wa siku tisa hatukuona neno. Siku ya kumi, kwenye fundo moja la mzabibu, pakatokea kitu cha rangi ya waridi, kidogo kama punje ya mtama. Baada ya juma moja lilikuwa jani.

Ndugu zetu, hatukuwa wa kwanza kuona jambo hili. Katika nchi ya Niger, pembeni mwa jangwa kuu la Sahara, alifanya kazi mmisionari mmoja aliyetoka Australia, jina lake Tony Rinaudo. Miaka kadhaa alihangaika kupanda miche ya miti, na mingi ikafa kwa ukame. Siku moja katika mwaka 1983 alisimamisha gari lake njiani, apunguze upepo wa magurudumu ili apite mchangani. Akatazama nchi tupu pande zote, akakata tamaa. Kisha macho yake yakaangukia kijiti kimoja cha majani, kimoja katika vingi alivyovipita kila siku akidhani ni vichaka vya bure. Akakikaribia, akayatazama majani yake, akafahamu ya kuwa si kichaka: ni mti uliokatwa, nao wachipuka kutoka shinani. Nchi ile aliyoiona tupu ilikuwa imejaa visiki vilivyo hai. Tangu hapo aliwafundisha wakulima kuyachagua machipukizi machache yenye nguvu, kuyapogoa mengine, na kuyalinda. Katika miaka 20 iliyofuata au zaidi kidogo, wakulima wa Niger walirudisha miti katika eneo lipatalo hekta milioni 5. Na katika mkoa wa Dodoma wenyewe kazi ya namna hii imepewa jina la Kisiki Hai. Mkulima huchagua, hupogoa, hufunga alama ili wengine wajue kuwa mti huo una mwenyewe, kisha huulinda. Yule bibi jirani yetu hakusafiri Niger. Lakini alijua neno lilelile, ya kuwa mtu asipande kabla hajatazama kilichopandwa.

Sasa na tufungue Maandiko. Ayubu, alipokuwa katika majivu, aliufikiri mti. Alisema ya kuwa mti una tumaini ambalo mwanadamu aonekana kuwa hana; maana ingawa umekatwa, na mzizi wake umezeeka udongoni, na shina lake limekufa, ukiyasikia maji kwa mbali tu utachanua tena kama mche mchanga. Ayubu alinena hayo kwa uchungu, kwa kuwa hakuona tumaini kama hilo kwa mtu. Lakini sisi tunamjua Yeye aliyetoka katika shina la Yese lililokatwa, Yeye aliyelazwa kaburini na siku ya tatu akatoka hai. Kwa hiyo swali la Ayubu limepata jibu. Tumaini lililo la mti ni la mtu pia, wala si kwa nguvu za mzizi wake mwenyewe, bali kwa Bwana aletaye maji.

Basi twasema nini kwa sharika zetu?

Kwanza, tusihukumu wakati wa kiangazi. Tunalo daftari la usharika, na ndani yake yamo majina. Mwaka uleule, baada ya Krismasi, baraza la wazee liliketi kulisafisha daftari. Palikuwa na majina zaidi ya 30 ya watu ambao kwa miaka mitatu au minne hawakuonekana kwenye Meza ya Bwana wala hawakuleta ahadi. Shauri lilikuwa kuyafuta. Kalamu nyekundu ilikuwa imekwisha kuletwa mezani. Nasi tulikuwa tayari kukubali, maana daftari safi ni kitu cha kupendeza, kama bustani iliyochomwa. Lakini mkono wetu ulipoigusa kalamu tukakisikia tena kile kisiki kikilia motoni. Tukawasimulia wazee habari ya mkomamanga. Wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Tusifute jina la mtu ambaye hatujafika mlangoni kwake." Wakakubaliana waende wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kabla ya Pasaka.

Twawaambia kweli yote ya safari ile. Wawili katika wale tulikuta wamekwisha kufa, wamezikwa, wala usharika haukuwa na habari. Kwa hao hatuna la kusema ila kuomba msamaha. Wengine walikuwa wamehamia mijini, nao wanasali huko vema. Wengine walitufungia mlango, na mmoja akatufungulia mbwa. Lakini tulifika kwa mama mmoja ambaye zamani aliwafundisha watoto Jumapili. Mumewe alimwacha, na watu wa kanisani wakanena maneno. Siku moja aliingia ibadani, wale waliokuwa katika benchi lake wakasogea. Hakurudi tena. Sisi tuliandika katika daftari kwamba amerudi nyuma. Tulipoketi kwake jioni ile watoto wake waliimba wimbo wa kulala, wote wanne, mashairi yote, pasipo kitabu. Kila usiku wa miaka ile alikuwa amewaimbisha na kuwaombea. Chini ya gome palikuwa na kijani. Mama huyo akatuambia, "Nilidhani mmekwisha kunifuta." Nasi tulijua kalamu ilivyokuwa karibu.

Pili, kazi ya kuhuisha ni ya polepole. Wako wapendao ndoo kumi kwa siku moja: mkutano mkubwa, vipaza sauti, wageni wengi, kisha mwaka mzima kimya. Hatuukatai mkutano. Lakini udongo mgumu haunywi gharika, wautaka mtungi. Mtungi ni yule mzee wa kanisa apitaye kwa mgonjwa kila Jumatano. Mtungi ni mke wa mwinjilisti apelekaye unga pasipo mtu kujua. Kazi yake iko chini ya ardhi, haionekani, wala haiandikwi katika taarifa ya mwaka. Hata akiondoka, mizizi inajua alikuwapo. Wala tusimfunue mtu kwa jua lote mara moja. Yule mama amerudi sasa, huketi benchi la nyuma karibu na mlango, na ibada ikiisha hutoka upesi. Wako waliotaka asimamishwe mbele apigiwe makofi. Tumewazuia. Upande wa mashariki kwanza. Jua la asubuhi latosha.

Tatu, upendo hupogoa. Mzabibu wetu ulipochipuka ulitoa machipukizi mengi, nasi tulitaka kuyaacha yote, kwa kuwa tuliyangoja sana. Bibi akasema, "Huruma hiyo itauua." Mzabibu hubeba matunda yake katika chipukizi jipya litokalo kwenye tawi la mwaka uliotangulia, usipopogolewa hujaa majani ukawa kichaka, na vichala vyake huwa vidogo. Wenyeji wa Dodoma wanaolima zabibu wanajua jambo hili, na kwa kupogoa kwa wakati wake hupata mavuno mara mbili kwa mwaka mmoja. Basi kumrudisha mtu si kumwambia kwamba kila alichofanya ni sawa. Ulevi ni ulevi, wala deni halikuondoka kwa kuwa mdaiwa ameanza kusali. Lakini tazameni utaratibu: kwanza maji, kisha jani, ndipo kisu. Mwenye kuanza kwa kisu hapogoi mti, anakata kuni.

Nne, liko pia neno la mwisho. Katika Injili ya Luka mwenye shamba aliujia mtini miaka mitatu asipate tunda, akataka ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi, apate kulima pande zote na kutia samadi. Hakusema ya kuwa mti hautakatwa kamwe. Alisema, Niruhusu kwanza nifanye kazi yangu. Hapo ndipo penye fundisho kwetu sisi tulio watunzaji: kabla ya shoka, jembe, na samadi ni yetu kuibeba. Ule mchungwa wetu tuliungoja mvua mbili. Tuliukwangua juu, tukaukwangua chini, tukaufukua mpaka mzizi mkuu, na kote palikuwa pakavu. Tukaukata, tukasikitika. Kungoja kwetu hakukuuokoa, lakini kulituokoa sisi na mikono ya haraka.

Tano, nalo ni la kila mmoja wetu. Msomaji, labda wewe si mzee wa baraza wala huna daftari. Lakini unayo bustani nyuma ya nyumba, ndani, mahali ambapo wageni hawapelekwi. Palipandwa kitu huko siku ya ubatizo wako, kwa mikono ya watu ambao labda wamekwisha kulala. Ulikuwako wakati ulipoomba jioni. Ulikuwako wakati ulipoijua Katekisimo kwa moyo, na ulipofika katika ombi la nne ukamsikia Luther akihesabu nyumba na shamba na hali njema ya hewa kuwa mkate wetu wa kila siku, ukashukuru. Kisha miaka ikapita, kazi, msiba, fedha, hasira, na magugu yakaota mpaka kizingitini. Sasa wewe mwenyewe husema, Hapa hapana kitu. Ndugu, huijui bustani yako kama aijuavyo Yeye aliyeipanda. Piga magoti. Shika kisu kidogo cha kweli, ukwangue mahali padogo. Sali sala fupi, hata kama ni kavu. Soma sura moja. Nenda kwa yule uliyekosana naye. Kesho ujaze mtungi tena. Usihesabu siku tisa ambazo neno halikuonekana.

Twamaliza kwa habari ya mkomamanga.

Dhamiri ilitusumbua, tukamwandikia barua yule mwinjilisti mzee, huko kwao alikostaafu. Tukamweleza yote: jinsi tulivyomhukumu kuwa mvivu, jinsi tulivyoung'oa mti wa mtoto wake, jinsi ulivyolia motoni. Tulingoja majibu kwa hofu. Baada ya majuma matatu basi lilileta kifurushi, gunia lenye maji limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na fimbo moja nyembamba, urefu wa mkono, yenye vifundo vya kijani, na kipande cha karatasi. Mzee aliandika kwamba siku alipoondoka alikata vijiti vitatu vya mti ule, akavipanda kwao, na kimoja kikashika. Kijiti hiki amekikata katika mti huo. Ni mtoto wa mti uleule tuliouchoma. Hakuandika neno la lawama. Chini kabisa aliuliza kama mzabibu bado uko, maana aliuacha ukiwa mgonjwa na aliuombea.

Tumekipanda kijiti kile katika shimo la mchungwa, na mtungi wa pili tumeusogeza karibu nacho. Kimeshika. Mzabibu nao, katika mwaka wake wa pili, ulitoa vichala saba. Cha kwanza tulimpelekea yule bibi jirani yetu. Cha pili alipelekewa mama yule wa benchi la nyuma, na watoto wake wanne.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyepanda bustani ya kwanza, na uliyedhaniwa kuwa mtunza bustani asubuhi ya ufufuo wako: utusamehe moto wetu wa haraka. Utufundishe kujua majina ya wale uliotupa. Utupe magoti ya kutafuta, na mkono mwepesi wenye kisu, na subira ya kungoja mvua yako. Na sisi wenyewe, tulio wakavu kwa kutazamwa, usituache mpaka umefika mzizini. Amina.